Kuingia kwenye bluegrass: anza na sauti, banjo itakusubiri

Binamu yangu aliniambia siku moja, "Nipe basi hiyo bluegrass unayoisifia kila siku." Nikafanya kosa ambalo karibu kila mpenzi wa muziki huu wa nyuzi wa Marekani hulifanya: nikamchezea "Foggy Mountain Breakdown", banjo ikimwagika kama mvua ya mawe juu ya bati. Hata dakika haijaisha akanirudishia simu. "Huu si muziki wa katuni, paka anamkimbiza panya?"

Sikuwa na la kujibu. Alisikia kasi na hakusikia kitu kingine, na kosa halikuwa la masikio yake. Mimi ndiye niliyemwingiza nyumbani kwa kupitia dirishani. Tangu hapo nimewaingiza watu kadhaa, na mpangilio wangu umegeuka kabisa: sauti kwanza, hadithi ifuate, halafu ala moja moja, na banjo ya kasi ije mwisho. Mwongozo huu unafuata njia hiyo. Jipe jioni kumi hivi na hedifoni zinazotoa besi vizuri, kwa sababu spika ya simu inaimeza besi, na besi ikimezwa muziki huu unabaki mlio wa nyuzi tupu. Rekodi nyingi nitakazozitaja zinapatikana mtandaoni, bando tu ndilo lako.

Kwanza ujue unachokisikiliza

Wengi hudhani bluegrass ni muziki wa kale wa milimani ambao haujui mwanzo wake. Mizizi ni ya kale kweli, ila muziki wenyewe ni mtoto wa enzi ya redio, rika la bendi za dansi za babu zetu. Bill Monroe alizaliwa mwaka 1911 huko Rosine, jimbo la Kentucky, Marekani. Kentucky inasifika kwa nyasi ziitwazo "blue grass", naye akaiita bendi yake Blue Grass Boys. Jina la bendi ndilo lililokuja kuwa jina la muziki mzima. Mwaka 1939 aliingia kwenye Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha redio cha Nashville. Mwaka 1945 wakajiunga naye Lester Flatt, mwimbaji na mpiga gitaa, na kijana wa North Carolina aitwaye Earl Scruggs, mpiga banjo. Hapo ndipo chungu kilipochemka.

Ala ni tano: banjo ya nyuzi tano, mandolini, fidla, gitaa na lile besi kubwa la kusimama. Wakati mwingine huongezwa dobro, gitaa linalolazwa na kutelezeshewa kipande cha chuma juu ya nyuzi, likalia kama mtu. Ngoma hakuna. Umeme, kwa wale wa jadi, hakuna.

Sasa mdundo anaushika nani? Swali hili ndilo ufunguo. Besi hupiga pigo la kwanza na la tatu. Katikati ya mapigo hayo, mandolini hupiga pigo kavu, nyuzi zikizibwa mara tu zinapoguswa: *chak*. Besi, *chak*, besi, *chak*. Mandolini ndiyo ngoma ya bendi. Piga goti kwa kufuata besi na kofi kwa kufuata mandolini. Mwili ukishaupata mdundo huo, mengine yatakuja yenyewe.

Chagua mlango wako

Hapa usiwe na haraka. Hakuna wimbo mmoja unaomfaa kila mgeni. Kuna wimbo unaofanana na kile ambacho sikio lako linakipenda tayari.

Kama umekulia nyumba yenye kantri (na Kenya nyumba hizo ni nyingi, Jumapili mchana redio ikimpiga Jim Reeves au Kenny Rogers), basi una bahati, mlango wako umeshafunguliwa nusu. Mchukue Dolly Parton unayemjua, umsikilize kwenye albamu ya "The Grass Is Blue" ya mwaka 1999. Dolly ni mtoto wa milima ya Tennessee, na hapa alirudi nyumbani akiwa na wapigaji bora wa wakati huo. Albamu ikapata tuzo ya Grammy ya bluegrass. Anza na "Silver Dagger", wimbo wa binti anayemkataa mchumba kwa kuwa mama yake amelala na kisu cha fedha mkononi, akiapa kwamba binti yake haolewi. Sauti unaifahamu, kilicho kigeni ni ala peke yake, na mgeni mmoja kwa wakati anatosha.

Kama wewe ni mtu wa kwaya, nenda moja kwa moja kwa Stanley Brothers, ndugu wawili wa Virginia, Carter na Ralph. Tafuta "Rank Strangers". Mtu anarudi kijijini kwao milimani, anakuta kila anayekutana naye ni mgeni, hamjui hata mmoja. Carter anazishika beti kwa utulivu wa mtu anayesimulia msiba, halafu kwenye kiitikio sauti ya Ralph inapanda juu yake, nyembamba, kali, pekee. Wenyewe huuelezea uimbaji wa namna hii kuwa wa juu na wa upweke, na ukimsikia Ralph hapo hutahitaji ufafanuzi mwingine.

Neno moja kwa wanakwaya: katika bluegrass, sauti ya tena (tenor) haikai chini ya sauti inayoongoza, inakaa juu yake. Kiongozi huimba wimbo wenyewe, mwenye tena humpanda juu, na baritoni hujaza pengo chini. Mwanakwaya asiyelijua hilo huchanganyikiwa, akatafuta wimbo kwenye sauti ya juu kama alivyozoea kwa soprano, wakati wimbo uko katikati.

Mpenzi wa gitaa ndiye ninayemwonea wivu kuliko wote. Kama unamjua Mwenda wa Bayeke, yule bingwa wa Katanga aliyeimba Kiswahili na kurekodi "Masanga" mwaka 1952, unajua tayari gitaa moja kavu linaweza kuwa bendi nzima. Mwenda alidonoa kwa vidole. Wa bluegrass wengi hutumia kipande cha plastiki, juu na chini, noti moja moja, kama anayeshona kwa mkono lakini kwa kasi ya cherehani. Baba wa ufundi huo machoni pa wengi ni Doc Watson, kipofu wa Deep Gap, North Carolina, aliyechukua nyimbo za fidla na kuzihamishia kwenye gitaa. Msikilize kwenye "Black Mountain Rag". Kisha nenda kwa Tony Rice, na hapo kaa. Albamu yake ya "Manzanita" ya mwaka 1979 haina banjo hata kidogo, jambo lililowashangaza wengi wakati huo. Kwa hiyo ni dawa ya mtu aliyeogopeshwa na banjo kama binamu yangu. Mwaka uliofuata akatoa "Skaggs & Rice" pamoja na Ricky Skaggs: gitaa moja, mandolini moja, sauti mbili, basi. Ningeambiwa nibaki na albamu moja ya kumpa mgeni, ingekuwa hiyo. Rice alikuja kupoteza sauti yake ya kuimba katika miaka ya 1990, akaendelea kupiga gitaa akiwa hana uwezo wa kuimba tena. Alifariki siku ya Krismasi mwaka 2020. Ukijua hilo, "Skaggs & Rice" inakuwa nzito zaidi.

Kuna pia mlango wa wanaopenda wimbo wenye jambo la kusema. Hazel Dickens alitoka kwenye migodi ya makaa ya mawe ya West Virginia, akahamia Baltimore kutafuta kazi za kiwandani kama maelfu ya watu wa milimani. Yeye na Alice Gerrard walirekodi pamoja miaka ya 1960, wakati ambapo bendi zilikuwa za wanaume na mwanamke alipewa besi ashike ili apendezeshe jukwaa. Wimbo wake "Black Lung" aliutunga kwa ajili ya kaka yake aliyeuawa na ugonjwa wa mapafu wa wachimbaji. Sauti yake si tamu, na haijaribu kuwa tamu. Ina makwaruzo ya mtu anayedai haki yake mlangoni kwa tajiri.

Na kama una miaka ishirini na hutaki kusikia habari za wazee: Billy Strings, aliyekulia Michigan, na Molly Tuttle wa California. Mwanzie Billy kwenye "Dust in a Baggie", mfungwa anayesimulia jinsi vumbi la dawa ndani ya kimfuko lilivyomponza. Molly mwanzie kwenye "Crooked Tree" ya mwaka 2022. Mwaka 2017 alikuwa mwanamke wa kwanza kutangazwa mpiga gitaa bora wa mwaka na chama cha kimataifa cha bluegrass, chama kilichoanza mwaka 1985. Hesabu mwenyewe ilichukua muda gani.

Chagua mlango mmoja tu. Kaa nao siku tatu nne kabla ya kuendelea.

Wimbo mmoja, mara nne

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayoleta tofauti yote. Chukua albamu ya J. D. Crowe & The New South ya mwaka 1975. Wapenzi huiita kwa namba yake ya lebo, 0044, kama vile watu wanavyoliita basi kwa namba ya ruti. Wimbo wa kwanza ni "Old Home Place". Hauzidi dakika tatu. Usikilize mara nne, jioni moja.

Mara ya kwanza fuata hadithi peke yake. Ni kisa cha kijana aliyeacha kwao bondeni, akampenda msichana wa mjini, akaenda kufanya kazi kwenye viwanda vya kupasua mbao. Msichana akamkimbia na mwingine, mishahara ikaishia kilabuni, na sasa amesimama pale ilipokuwa nyumba ya baba yake, nayo haipo. Nani kwetu hamjui kijana huyo?

Mara ya pili sahau maneno, fuata besi na ile *chak* ya mandolini. Utagundua kwamba wimbo wa majonzi unakimbia. Hilo ni la makusudi: katika bluegrass uchungu hupandishwa kwenye gari lenye mwendo. Ukisubiri muziki ulie ndipo ujue kwamba mtu anateseka, utakosa mengi.

Mara ya tatu, sauti. Tony Rice anaongoza beti peke yake. Kiitikio kikifika, Skaggs anapanda juu yake na Crowe anaingia chini. Jaribu kuimba na Skaggs, kisha rudia uimbe na Crowe. Ya Crowe ni ngumu, inaruka hapa na pale ikitafuta mahali palipobaki wazi. Baritoni ni kazi isiyo na sifa.

Mara ya nne ndipo umgeukie Crowe na banjo yake, ambayo ndiyo inayofungua wimbo. Angalia inavyoachia nafasi mwimbaji akiingia, inavyorudi katikati ya beti, na jinsi ala zinavyopokezana. Ni kama ulingo wa ngoma: mmoja anaingia, anaonyesha alichonacho, anatoka, mwingine anaingia, na waliotoka hawakai kimya bali wanamshikia mdundo.

Ukimaliza hapo, rudi kwenye wimbo wa mlango wako wa kwanza. Utausikia upya kabisa.

Panda hadi kwenye chemchemi

Sasa unaweza kuzivumilia rekodi za zamani, na si kuzivumilia tu. Tafuta zile ambazo Bill Monroe na Blue Grass Boys walizirekodi mwaka 1946 na 1947, wakiwa na Flatt na Scruggs, Chubby Wise kwenye fidla na Howard Watts kwenye besi. Sauti ni ya enzi yake, ina vumbi. Ongeza sauti kidogo, masikio yatazoea baada ya nyimbo mbili.

"Blue Moon of Kentucky" ya mwaka 1946 ni waltz, moja-mbili-tatu, taratibu. Mwaka 1954 kijana wa Memphis aitwaye Elvis Presley aliirekodi kwa mapigo manne, ikawa upande wa pili wa santuri yake ya kwanza. Monroe naye akairekodi upya mwaka huohuo: anaanza na waltz yake ya zamani, halafu katikati anaigeuza kwa mapigo manne. Sikiliza zote tatu kwa kufuatana. Ni dakika chache zinazofundisha kuliko mhadhara.

Kisha "Molly and Tenbrooks" ya mwaka 1947, kisa cha mashindano ya kweli ya farasi yaliyofanyika Louisville mwaka 1878. Kampuni ya santuri ilikaa na rekodi hiyo bila kuitoa hadi mwaka 1949. Wakati huohuo Stanley Brothers walikuwa wameusikia wimbo, wakaurekodi wao na kuutoa mwaka 1948, mtindo uleule, banjo ileile ya vidole vitatu. Wataalamu hupenda kusema hapo ndipo muziki wa bendi moja ulipogeuka kuwa aina ya muziki. Monroe, nasikia, hakufurahi, na ukitazama picha zake utaamini kwamba hakuwa mtu wa kufurahi ovyo.

Sasa banjo

Flatt na Scruggs walimwacha Monroe mwaka 1948 wakaunda bendi yao, Foggy Mountain Boys. Mwaka uliofuata wakarekodi kile kibao kilichomkimbiza binamu yangu. Sasa uko tayari kwa sababu utajua pa kutega sikio.

Scruggs alitumia vidole vitatu vya mkono wa kulia, gumba, cha shahada na cha kati, vikiwa vimevalishwa kucha za bandia, na vilizunguka bila kusimama. Uzi wa tano wa banjo ni mfupi, unaanzia katikati ya shingo ya ala, na gumba huurudiarudia noti ileile ya juu. Mzunguko wenyewe ni siri ya mambo: noti nane katika kila kipimo, lakini mara nyingi vidole huzigawa tatu, tatu, mbili. Masikio yanasubiri nne na nne, vidole vinatoa tatu-tatu-mbili, ndiyo maana banjo inaonekana kama inamwagika nje ya chombo na haimwagiki. Aliyekulia kwenye rumba ya Kongo hawezi kushindwa na tatu-tatu-mbili, mwili wake umeshaicheza miaka mingi.

Tega sikio pia pale wimbo unapogeukia ile kodi (chord, noti kadhaa zinazopigwa pamoja) yenye huzuni: banjo ya Scruggs inapiga E ndogo (minor), gitaa la Flatt linapiga E kubwa (major). Kwa mujibu wa vitabu vya muziki ni kosa. Kwangu mimi hapo ndipo wimbo unapouma, na wakati wa E mbili hizo huwa nakunja uso kwa furaha.

Fika Bagamoyo

Banjo ina asili ya Afrika, na hili si jambo la kubembeleza ili tujisikie vizuri. Watu waliotekwa Afrika Magharibi walibeba vichwani mwao ufundi wa ala za kibuyu na ngozi zenye uzi mfupi wa kupigwa kwa gumba. Akonting ya Wajola wa Senegambia ni ndugu wa karibu unayeweza kumwona hadi leo. Hata Monroe mwenyewe alikuwa na mwalimu mweusi: Arnold Shultz, mpiga gitaa na fidla wa Kentucky, aliyempa kazi ya kumsindikiza kwenye dansi za kijijini alipokuwa kijana. Monroe alimtaja hadi uzeeni kwake. Kwa hiyo blues iliyomo ndani ya mandolini yake haikuangukia humo kwa bahati.

Mwaka 2005 mpiga banjo Béla Fleck aliichukua banjo akazunguka nayo Uganda, Tanzania, Gambia na Mali, akipiga na wenyeji. Filamu na albamu vikaitwa "Throw Down Your Heart", na sisi tunajua jina hilo limetoka wapi: Bagamoyo, bwaga moyo. Kama ni kuubwaga kwa kukata tamaa mbele ya jahazi la watumwa au kuubwaga kwa kupumzika baada ya safari ndefu ya mizigo, wenyewe mtaendelea kubishana. Kwenye albamu mtafute Anania Ngoliga, mwanamuziki wa Tanzania asiyeona, akipiga na Fleck. Siyo bluegrass. Lakini baada ya kupita njia yote hii utaisikia banjo ikiwa imekaa kimya kidogo, inasikiliza, kama mtoto aliyepelekwa kuwaona wakwe wa zamani wa ukoo.

Vikwazo utakavyokutana navyo

"Nyimbo zote zinafanana." Kila mtu hulisema hili karibu na wimbo wa kumi na tano. Umesikiliza orodha iliyopangwa na mashine, na mashine hupanga kasi juu ya kasi. Chukua albamu moja tu, ipumzishe katikati, kisha weka wimbo wa Injili wa Stanley Brothers ili masikio yapoe.

"Mbona wanaua wanawake?" Swali la haki. Kuna nyimbo kadhaa za jadi, kama "Banks of the Ohio" na "Knoxville Girl", ambamo mwanamume anamuua mpenzi wake kandokando ya mto, tena kwa sauti nyororo. Ni urithi wa tenzi za mauaji kutoka Uingereza. Mimi siziweki mbele ya mgeni, wala mbele ya watoto, na sioni haja ya kuzitetea kwa jina la utamaduni.

"Sauti zinapita puani." Zinapita, kweli. Waliimba kwenye maikrofoni moja kwa ajili ya redio, na sauti nyembamba hupenya. Ukikwama hapa kabisa, pita kwa Alison Krauss, ambaye sauti yake ni laini kama maziwa ya nazi ya tui la kwanza. Albamu ya "Now That I've Found You" ya mwaka 1995 itakupooza, kisha utarudi kwa Ralph Stanley taratibu.

Na wakati fulani acha kusikiliza, tazama. Tafuta video ya bendi inayopiga kwa maikrofoni moja; Del McCoury na wanawe ni mabingwa wa mtindo huo. Hakuna anayepandishiwa sauti na fundi mitambo. Anayepiga peke yake anasogea mbele, fidla inapinda kumpisha banjo, wanaoimba kiitikio wanakaribiana hadi paji za uso zikaribie kugusana, halafu wanatawanyika bila kugongana, huku besi imesimama nyuma kama nguzo ya nyumba. Binamu yangu alinasa hapo. Nilimwonyesha video, nikaenda jikoni kuchukua chai, niliporudi alikuwa anairudisha nyuma kuangalia ni nani aliyempisha nani.